Unatumia Mkorogo Gani?

Swali hilo nimeulizwa mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa na futi kamba shingoni. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa hapa hapa Magomeni, kaja na vitenge vya sare ya harusi, na nilikuwa nimepiga magoti nampima urefu wa sketi. Nilipoinua uso kumsomea namba akanikazia macho, akatabasamu. "Fundi, umenawiri wewe! Unatumia mkorogo gani?"

Hakuwa na ubaya. Alitaka na yeye aununue.

Huo ulikuwa mwezi wa nne tangu nipandikizwe figo. Uso wangu ulikuwa umejaa ukawa duara kama sinia, mashavu yameiva, yanang'aa. Chini ya kola ya gauni, ambako yeye hakuona, kifua na mgongo vilikuwa vimeota vipele vidogo vinavyolingana ukubwa kama ulezi uliomwagwa. Nikamwambia, "Mama, mkorogo wangu mimi unamezwa." Akacheka, lakini niliona kabisa kwamba kadhani namnyima.

Nimeufikiria sana mkasa ule, kwa sababu yule mama hakukosea mbali. Mikorogo mingi inayochanganywa mitaani ina krimu za jamii ileile ya dawa ninayoimeza kila asubuhi, prednisoloni. Wao wanajipaka ili rangi ibadilike, mimi nameza ili figo ya mdogo wangu ibaki. Ngozi haiulizi nia ya mtu. Inakuwa nyembamba kwao, inakuwa nyembamba kwangu. Chunusi kwao, chunusi kwangu.

Niseme kwanza nilipotoka. Hapa nchini figo ya kwanza ilipandikizwa Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata mwaka uliofuata. Kabla ya hapo watu wetu walikuwa wanapanda ndege kwenda India, wenye uwezo au wenye rufaa. Mimi nilibahatika kuugua wakati huduma imeshafika nyumbani, nikasafishwa damu mwaka na nusu, siku tatu kwa wiki, kisha mdogo wangu Rehema akasema, "Dada, wanipime mimi." Wakampima, tukalingana. Figo yake ya kushoto wakaiweka kwangu chini ya tumbo upande wa kulia, karibu na nyonga. Zangu za zamani hawakuzitoa. Wateja wakisikia hivyo hushika mdomo. Ndiyo, nina figo tatu, na inayofanya kazi ni moja, nayo si yangu.

Tangu siku ile naishi kwa saa. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, takrolimasi na mikofenoleti. Asubuhi na prednisoloni juu yake. Kazi yao wote watatu ni kuipumbaza kinga ya mwili isiione figo ya Rehema kama mwizi aliyeruka ukuta. Kinga haijui undugu. Inajua alama tu, na alama za Rehema si zangu. Shida ni kwamba ukimlevya mlinzi wa nyumba, hachagui nani apite. Bakteria, virusi, fangasi, na hata seli za mwili wenyewe zinazoanza kupotoka, wote wanakuta geti limeegeshwa. Na geti lenyewe ni ngozi.

Hospitalini tuliambiwa mengi kuhusu figo. Kunywa maji, pima presha, usikose dozi, ukiona mkojo umepungua piga simu. Kuhusu ngozi nilipata sentensi mbili, nikazisahau kabla lifti haijafika chini. Siwalaumu. Mtu ambaye jana alikuwa anaomba akojoe hata kikombe kimoja, leo utamwambiaje habari za chunusi?

Kila dawa ina saini yake, na ukikaa kliniki muda mrefu unaanza kuzisoma kwa wenzako. Mwenye uso wa sinia na mabega yenye vipele, huyo bado yuko kwenye dozi kubwa ya prednisoloni. Bibi mmoja aliyepandikizwa India zamani alikuwa anatumia saiklosporini. Alikuwa ameota nywele nyeusi nzito kwenye mashavu na kidevuni, na fizi zimevimba zikapanda juu ya meno. Alikuwa anajifunika ushungi hadi puani, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mimi na takrolimasi yangu ni kinyume chake: nywele zilinitoka, kila nikisuka nabaki na kitana kimejaa. Tuliwahi kukaa benchi moja akaniambia, "Mwanangu, mimi ninazo za ziada, chukua." Tukacheka hadi nesi akaja kuuliza kulikoni. Baadaye walimbadilishia dawa, na nywele zile zikapungua taratibu.

Kwangu mimi kilichoniuma zaidi ni mikono. Fundi anaishi na pini na mkasi. Zamani pini ikinichoma nalamba damu naendelea. Sasa nikijigonga kidogo kwenye kona ya cherehani, damu inavilia chini ya ngozi ikawa doa la zambarau linalokaa wiki mbili. Mkwaruzo wa mkasi ambao ungekauka siku tatu unakaa siku kumi. Nimejifunza kuvaa kidude cha chuma kidoleni, kile ambacho bibi aliyenifundisha kushona alinisihi nivae nikamwona wa kizamani.

Dozi ya prednisoloni hushushwa kadiri miezi inavyokwenda. Mimi nilianza na vidonge vingi, sasa niko kwenye miligramu 5, na uso umerudi kuwa wangu. Lakini inashushwa na daktari. Nasema hivyo kwa sababu ya kijana mmoja tuliyekuwa tunakutana naye, mtanashati, alikuwa anakaribia kuoa. Hakutaka picha za harusi ziwe na uso ule. Akaacha mwenyewe, na alipoona mambo shwari siku chache akaacha na zile nyingine. Wiki chache baada ya harusi alirudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo ilikuwa ya mama yake.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe.

Februari ya mwaka wa pili. Anayeijua Dar anajua Februari: unaoga, unajifuta, unaloa tena kabla hujavaa. Umeme ulikuwa unakatika, feni imekufa, nami nashona sare za shule zilizochelewa. Nikaanza kuona mabaka mgongoni na shingoni, meupe meupe, ukiyakwaruza yanatoa vumbi kama unga. Utangotango, wengine wanaita mba. Fangasi wake wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu, wanachosubiri ni joto, jasho na mafuta; kwa mwenye kinga iliyolewa, wanasherehekea. Haukuwa ugonjwa wa kumpeleka mtu hospitali. Nilikwenda duka la dawa la mtaani, nikamwonyesha kijana shingo. Hakuniuliza ninatumia dawa gani nyingine, nami sikumwambia. Akanipa vidonge vya flukonazoli, kimoja kila siku kwa wiki mbili. "Hii ni kiboko, dada. Krimu zitakupotezea hela."

Mabaka yakaanza kufifia kweli. Siku ya nane hivi, jioni, nilikaa kutunga uzi kwenye sindano ya kushonea vifungo. Nikakosa. Nikalamba ncha ya uzi, nikaisokota, nikakosa tena. Nikadhani ni macho, nikasogea kwenye taa. Ndipo nikaona kwamba uzi unacheza. Niliweka sindano mezani nikautazama mkono wangu wa kulia kama mali ya mtu mwingine: vidole vinatetemeka, vidogo vidogo, bila kukoma, kama kifuniko cha sufuria maji yakianza kuchemka. Nikamwita msichana anayenisaidia dukani anitungie. Nikajisemea ni uchovu. Kichwa kilikuwa kinauma siku ya tatu hiyo.

Bahati, kliniki ilikuwa keshokutwa yake. Siku ya kliniki hatumezi dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe, kwa sababu wanataka kuona kiasi cha takrolimasi kilichobaki mwilini kikiwa chini kabisa. Kwangu walitaka kiwe kati ya 5 na 8. Kilikuwa 21. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo ikishindwa kuichuja, kwa miezi ilikuwa inazunguka kwenye 98; sasa ilikuwa imepanda hadi 187. Daktari alinitazama juu ya miwani.

"Umekunywa dawa gani nyingine?"

"Hakuna, daktari."

"Ya mafua? Ya tumbo? Mitishamba?"

"Hakuna."

Wala sikuwa nadanganya. Kwenye akili yangu, dawa ni kitu cha ugonjwa, na utangotango si ugonjwa, ni kero. Akaja nesi kunipima presha, akaomba nishushe mtandio, akasema, "Mbona una mba, unapaka nini?" Nikafungua pochi, nikatoa ile paketi. Daktari aliichukua, akaisoma, akaiweka mezani taratibu mno, kama mtu anayeweka yai.

Alinieleza, na nimewaeleza wengi tangu siku ile. Takrolimasi inavunjwavunjwa na kimeng'enya kilichoko kwenye ini na utumbo. Flukonazoli inakifunga mikono kimeng'enya hicho. Kila dozi unayomeza inakuta ya jana bado ipo, zinalundikana, mikono inatetemeka, kichwa kinauma, na figo iliyokuwa inalindwa inaanza kuumizwa na mlinzi wake. Ketokonazoli na itrakonazoli za kumeza zinafanya hivyohivyo. Antibayotiki mbili zinazotolewa kirahisi sana mitaani, erithromisini na klarithromisini, nazo zimo. Balungi nalo limo, juisi yake na tunda lenyewe. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inakichapa kimeng'enya mbio, takrolimasi inaisha kwenye damu, na kinga inaamka ikiwa na njaa. Haina maana kwamba mtu aliyepandikizwa hawezi kutibiwa kifua kikuu au fangasi. Anatibiwa, ila wanaomtibu wanapanga upya dozi na kupima damu mara kwa mara.

Walisimamisha flukonazoli, wakanirukisha dozi kadhaa za takrolimasi, wakanirudisha taratibu. Baada ya wiki tatu kreatinini ilikuwa 104, haikurudi 98 tena. Hizo namba sita za juu nazihesabu kuwa bei ya kidonge cha mba. Utangotango wenyewe uliishia kwa shampuu ya ketokonazoli, ya kupaka mgongoni, kuacha dakika chache na kusuuza, na krimu ya klotrimazoli. Ya nje, karibu yote inabaki nje.

Yule kijana wa duka la dawa sijawahi kurudi kumgombeza. Ningemwambia nini? Alimtibu mtu aliyemwona. Mtu aliyepandikizwa figo hana alama usoni, labda uwe na jicho la kliniki. Tangu hapo ninatembea na karatasi kwenye pochi, nimeiandika kwa kalamu nene: NIMEPANDIKIZWA FIGO, halafu majina ya dawa zangu. Naitoa hata nikinunua dawa ya kikohozi. Wengine wananiona mjuaji. Sawa.

Kuhusu jua. Kliniki kulikuwa na kipeperushi cha Kiingereza, chenye picha ya mkono mweupe wenye vidonda vyenye magamba. Kinasema kweli. Wazungu waliopandikizwa viungo wanapata saratani moja ya ngozi, ile ya seli bapa, zaidi ya mara 60 kuliko wenzao wasiopandikizwa, na Australia, kwenye jua kali na ngozi nyeupe, ndiko balaa lilikojaa. Mionzi inaharibu seli, kinga iliyolewa haiziondoi, na azathioprini, dawa ya zamani ambayo baadhi yetu bado wanaitumia, inaifanya ngozi iathirike na jua kirahisi zaidi. Nilikisoma kipeperushi nikakirudisha, nikajiambia hiki si changu. Rangi yangu nimeirithi Kilwa.

Na kwa sehemu nilikuwa sahihi. Weusi wa ngozi unatukinga kiasi kikubwa. Ndugu zetu wenye ualbino ndio wanaobeba mzigo wa jua katika nchi hii, na kwa ajili yao pale Moshi wanatengeneza losheni yetu wenyewe ya kuzuia jua, Kilisun. Mimi navaa mikono mirefu na mtandio, natembea upande wa kivuli kutoka kituo cha mwendokasi hadi dukani, basi. Midomo napaka mafuta yenye kinga ya jua, maana midomo haina weusi wa kutosha.

Ila nilichokosea ni kudhani kwamba kama si jua, basi si kitu. Daktari wa ngozi niliyepelekwa baadaye, mama wa makamo, mpole, alinieleza kitu ambacho kipeperushi hakikuwa nacho. Marekani walipowachunguza watu weusi waliopandikizwa viungo, saratani za ngozi walizozikuta zilikuwa mahali jua lisikofika. Sehemu za siri, hasa. Nyingi zilihusiana na virusi vile vya chunjua, vinavyokaa kimya kwenye ngozi miaka mingi, na kinga ikilewa vinaamka. "Kwa hiyo mwanangu," akasema, "kwako wewe kutazama uso na mikono ni kutazama mlango wa nyumba iliyoungua jikoni. Vua nguo."

Nililelewa na bibi wa pwani. Kuoga kwenyewe nilifundishwa nioge na kanga. Nilisimama nyuma ya pazia lile dakika nzima nikiwa nimeshika kifungo cha kwanza, mimi ambaye kazi yangu ni vifungo. Na sababu ya kusimama haikuwa haya peke yake. Nilikuwa na kitu. Vinyama vidogo, vitatu, baadaye vitano, mahali pasiposemeka, miezi saba. Nilikuwa nimejiambia ni vya joto. Nilikuwa nimefikiria pia, usiku, kwamba mume wangu atasema nimevitoa wapi, au mimi nitamuuliza yeye, na nyumba itawaka moto kwa jambo ambalo huenda lilikuwa limelala mwilini mwangu kabla hata sijamjua.

Daktari alivitazama kwa taa, akakata kipande cha kimoja kikapimwe, vingine akavigandisha kwa naitrojeni ya baridi kali. Inachoma kama umeshika barafu na kaa la moto kwa pamoja. Majibu yalikuwa chunjua, hazijageuka kuwa saratani. Tangu hapo ananiona kila baada ya miezi sita, na kipimo cha mlango wa kizazi nafanya kila mwaka. Mume wangu nilimweleza siku ileile, kwenye kibaraza, nikiangalia pembeni. Alinyamaza kidogo, akauliza kama inauma.

Haya hii, kwenye ngozi, inaua watu wazima wenye akili zao. Jijini hapa watu wanasoma ngozi ya mwenzao kama gazeti lililobandikwa ukutani. Nilipopata mkanda wa jeshi, malengelenge yamezunguka ubavu wa kushoto kama mtu kanifunga kamba ya moto, nilianza asikloviri siku ya pili na nikapona vizuri. Lakini jirani aliyekuja kunijulia hali aliona, na kabla ya magharibi uani kulikuwa kimya cha aina fulani. Kila mtu mzima hapa anakumbuka miaka ambayo mkanda wa jeshi ulikuwa tangazo la UKIMWI. Kinga imeshuka, ndiyo. Imeshushwa makusudi, kwa vidonge. Nenda kawaeleze hayo uani.

Kaka mmoja wa kliniki yetu, dereva wa lori, alikaa na madoa ya zambarau iliyokolea kwenye unyayo na kifundo cha mguu karibu mwaka. Alikuwa anavaa soksi nzito Dar es Salaam, Machi, hadi msikitini anavua viatu anabaki na soksi. Mguu ulipovimba viatu vikagoma, ndipo ikajulikana. Sarkoma ya Kaposi, saratani inayotoa madoa ya namna hiyo kwenye ngozi. Virusi vinavyoileta viligunduliwa 1994, na Afrika Mashariki tunavyo wengi tangu zamani, tumevibeba bila kujua. Alikuwa ameiona kwa wagonjwa wa UKIMWI kijijini kwao, na aliapa hatamwonyesha mtu. Kipimo cha UKIMWI kilikuwa safi tangu mwanzo. Tunapimwa wote kabla ya kupandikizwa, na yeye alilijua hilo, lakini woga hausomi majibu ya maabara.

Tiba yake ilinishangaza. Walipunguza dawa za kushusha kinga, na ile takrolimasi wakaitoa, wakampa sirolimasi. Madaktari wa Italia walieleza mwaka 2005 jinsi walivyowabadilishia hivyo wagonjwa 15 wa figo wenye Kaposi ya ngozi, na madoa yakatoweka kwa wote ndani ya miezi mitatu, figo zikabaki. Huyu kaka yetu hakuwa na bahati ya miezi mitatu, ilichukua zaidi, na sirolimasi nayo ina saini yake, vidonda vya mdomoni vilimtesa. Lakini mguu ulinywea. Mwezi uliopita alikuja kliniki na kandambili. Hatukusema kitu. Wote tuliangalia.

Rehema ndiye aliyeniuliza, siku moja tunachambua mchele, kwa nini mwili wangu umkatae yeye, tumenyonya ziwa moja. Nikamsimulia nilichokisoma, kwamba hata wanasayansi wa kupandikiza viungo walianzia kwenye ngozi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kule Glasgow, mwanamke mmoja aliungua vibaya, wakambandika vipande vya ngozi ya kaka yake. Vikashika, kisha vikayeyuka. Wakambandika vingine vya kaka yuleyule, vikayeyuka haraka zaidi. Mwanasayansi aliyekuwepo, Peter Medawar, akaelewa kwamba mwili ulikuwa umekumbuka: kukataa ni kazi ya kinga. Na figo ya kwanza iliyopandikizwa ikakaa, Boston, tarehe 23 Desemba 1954, ilitoka kwa pacha kwenda kwa pacha wake. Kabla ya kuwapasua, walibadilishana vipande vya ngozi kwanza kuhakikisha ni mapacha wa kufanana kweli. Ngozi ikashika, ndipo wakathubutu. Kiongozi wa upasuaji ule, Joseph Murray, alikuwa daktari wa kurekebisha ngozi na maumbile; shauku yake ilianza kwa askari walioungua vitani.

"Kwa hiyo wangenibandika ngozi yako, ingeyeyuka," Rehema akasema.

"Bila vidonge, ndiyo."

Akaendelea kuchambua mchele. "Basi meza."

Jumapili jioni, baada ya dozi ya saa moja, Rehema huja kwangu kunikagua mgongo. Mume wangu angeweza, ila yeye akiona kipele chochote anaamka usiku kukitazama tena, simpi kazi hiyo. Nakaa kwenye kigoda kanga ikiwa kiunoni, Rehema anawasha tochi ya simu. Anaanzia nyuma ya masikio, kwenye mistari ya msuko, anashuka mabegani, uti wa mgongo, kiuno. Anajua kila alama. Kovu la jipu la mwaka juzi analiita kwa jina. Baadaye namaliza mwenyewe mbele, kwa kioo: mdomoni, chini ya matiti, kati ya vidole vya miguu, nyayo, na kule kwingine.

Jumapili iliyopita tochi ilisimama.

"Dada, usitikisike."

"Nini?"

"Hapa chini ya bega. Lina rangi ya buluu. Halikuwepo wiki iliyopita."

Nikasikia moyo wangu masikioni. Alisogeza simu, nikahisi pumzi yake mgongoni. Akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akalowesha kidole mate, akasugua, akasugua tena, akanipiga kofi la bega.

"Chaki! Umelalia kazi za watu tena."